Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu kusomea tabia za wanyama (pamoja na lile la "kwani hiyo nayo ni kazi?")

Nimeamua kuyaweka haya mahali pamoja maana kila wiki napata meseji zilezile, na nyumbani nako kila sherehe kuna mjomba mpya anataka kujua nilichokuwa nafanya porini. Kwa kifupi, nilisoma masta ya mambo ya wanyamapori, nikaishi Morogoro, fildi nikafanya Mikumi kwa nyani wa barabarani. Sio profesa mimi, najibu nilichokipitia na nilichokisoma, basi.

Eti ni kweli ulisomea nyani miaka miwili?

Kweli kabisa. Ila msidhani miaka miwili yote niko kichakani, fildi yenyewe ilikuwa miezi saba, iliyobaki ni darasa, propozo, kufukuzia vibali, halafu kukaa mbele ya kompyuta kugombana na takwimu usiku wa manane. Na ni nyani, sio tumbili, sio ngedere, sio sokwe. Nikisema nyani namaanisha yule mkubwa mwenye uso mrefu kama wa mbwa, anayetembea kwa miguu minne huku mkia umepinda kama mpini wa kikombe. Mama yangu mpaka leo anawaambia majirani nasomea sokwe.

Swali la utafiti ulilipata wapi?

Kwenye basi. Si mnajua barabara ya kwenda Iringa, Mbeya mpaka Zambia inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi, kama kilomita 50 hivi uko ndani ya hifadhi na malori yanapita na mabasi yanapita. Siku moja niko safarini, dereva kapunguza mwendo kwa ajili ya matuta, mama niliyekaa naye akafungua dirisha akarusha ndizi mbivu. Kabla haijatua chini kuna jike tayari kashatoka kwenye majani, ana mtoto kamning'inia tumboni, akaiokota pembeni kabisa ya tairi la lori lililokuwa linakuja upande wa pili. Basi zima tukapiga kelele "aaah!" halafu tukacheka. Mi nikacheka pia, siwezi kudanganya. Ila baadaye nikawa najiuliza yule amejuaje, maana alianza kutoka majanini wakati dirisha bado linafunguliwa, ndizi haijaonekana.

Hapo ndo ilipoanzia. Nikaenda kwa supavaiza na kichwa cha habari kirefu kama treni ya TAZARA, akakikata kikabaki hivi: nyani wanaokaa kando ya barabara wanatumiaje siku yao ukilinganisha na kundi la ndani ambalo halioni mabasi. Swali dogo. Asikwambie mtu, swali dogo linaloweza kujibika ndo linakumalizisha masta.

Kwani tabia si inaonekana tu, kuna nini cha kusomea?

Chukua dume la nyani linapiga mwayo. Ukiona utasema lina usingizi. Sasa kuna bwana mmoja Mholanzi, Niko Tinbergen, aliandika mwaka 1963 kwamba ukiuliza "kwa nini" kuhusu tabia yoyote umeuliza maswali manne kwa mpigo, na ukiyachanganya utabishana na watu mpaka kesho. Kwa ule mwayo ni hivi: kitu gani kimeuchochea sasa hivi (dume jingine kasogea), amejifunzaje toka akiwa mdogo, unamsaidia nini (anaonyesha meno yale marefu, mwenzake anaondoka bila ngumi kurushwa), na umetoka wapi kwenye ukoo mzima wa nyani na ndugu zao. Tinbergen alipata Nobel mwaka 1973 pamoja na Konrad Lorenz na Karl von Frisch, kwa hiyo mjomba ukisoma hapa, ndiyo, kutazama wanyama kumewahi kupewa Nobel.

Mnaandika nini sasa huko porini siku nzima?

Hili nitalijibu kwa urefu maana ndo kazi yenyewe.

Kwanza unatengeneza orodha ya matendo, inaitwa etogramu. Kula, kutembea, kupumzika, kutoana chawa, kufukuza, kufukuzwa, kuangalia gari. Kila tendo unalieleza kwa namna ambayo mtu mwingine akisoma ataona kitu hichohicho. Inaonekana rahisi, ngoja ujaribu. "Kula" inaanza lini, akiokota au akitia mdomoni? Na akiweka kwenye ile mifuko ya mashavu halafu akatafuna baada ya dakika tano je? Tulibishana wiki nzima na mwenzangu.

Halafu unachagua mnyama mmoja, kwa kura, sio kwa kumpenda, unawasha saa na unamfuata huyohuyo kwa dakika kumi unaandika kila anachofanya hata kama hafanyi kitu. Utaratibu huu ulinyooshwa na mama mmoja anaitwa Jeanne Altmann kwenye pepa yake ya 1974. Yeye na mumewe Stuart ndo walioanzisha utafiti wa nyani wa Amboseli, Kenya, mwaka 1971 na mpaka leo unaendelea, bibi wa bibi wa nyani wa sasa wako kwenye kumbukumbu. Kabla ya hapo wengi walikuwa wanaandika kinachovutia jicho. Na jicho linavutwa na ugomvi. Ukiandika kinachokuvutia utarudi nyumbani useme nyani wanapigana kutwa, kumbe kutwa wamekaa wanachambua majani na kutoana chawa, ni vile tu jike aliyekaa kimya chini ya mti saa nzima hakuna aliyemuandika.

Kosa langu kubwa lilikuwa jingine. Nilipewa askari wa hifadhi wa kunisindikiza, mzee mtu mzima, hajasoma chuo ila porini kakaa kabla sijazaliwa. Wiki ya kwanza akaomba daftari langu, akavaa miwani, akasoma taratibu.

"Binti, hapa umeandika dume amekasirika."

"Ndiyo mzee."

"Ulimuuliza?"

Nikacheka nikidhani ni utani. Hakucheka. Akaniambia, "Andika nywele za mgongo zimesimama, andika amepiga chini kwa mkono mara mbili, andika mwenzake amekimbia. Hasira utaiweka wewe ukifika mjini." Nilirudia kurasa kumi na moja. Na supavaiza alipokuja baada ya mwezi akaanza kunieleza jambo hilohilo kwa maneno makubwa, mzee akawa anatazama pembeni anajifanya hasikii.

Nyani wakikuona si wanabadilika?

Wanabadilika, na wewe unabadilika. Miezi miwili ya mwanzo ilikuwa ni kuzoeana tu, nafika asubuhi, nakaa, sili mbele yao, siwakodolei macho, naondoka. Nyani ukimtazama sana machoni kwake ni uchokozi.

Lakini kuna mtego mbaya kuliko huo. Ujerumani mwanzoni mwa karne iliyopita kulikuwa na farasi anaitwa Hans, bwana wake Wilhelm von Osten alimfundisha hesabu, ukimuuliza tatu jumlisha nne anagonga kwato mara saba. Watu wakajaa Berlin, tume ikaundwa, ikaangalia, haikuona ujanja wowote. Aliyeligundua ni mwanafunzi, Oskar Pfungst, mwaka 1907. Alifanya kitu kidogo tu: akamleta muulizaji ambaye mwenyewe hajui jibu. Farasi akashindwa! Kumbe Hans alikuwa anasoma watu, muulizaji akikaribia jibu sahihi mwili unalegea kidogo au kichwa kinainuka bila yeye kujua, farasi anaacha kugonga. Hesabu hajui ila watu anawajua kuliko wanavyojijua wenyewe. Mi nikiisoma hii nikamkumbuka yule jike wa ndizi na dirisha la basi.

Kuwarushia chakula kuna ubaya gani, si ni sadaka?

Jamani. Hata Gombe, ile hifadhi ya sokwe kule Kigoma, walishalipia hili. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe (amefariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91) miaka ya 1960 alikuwa anawapa sokwe ndizi kambini ili wasogee awaone vizuri. Wakasogea kweli, halafu wakawa wengi sehemu moja, ugomvi ukaongezeka, na nyani nao wakaja kugombania. Ikabidi utaratibu ubadilishwe na ndizi zipunguzwe, na mpaka leo watu wanabishana ni kiasi gani ndizi zile ziligeuza walichokiona.

Halafu kuna kisa cha Maasai Mara ambacho siachi kukisimulia. Robert Sapolsky alianza kufuatilia nyani kule Kenya mwaka 1978 akiwa bado kijana, alikuwa anasomea stresi, anawapulizia sindano ya usingizi kwa bomba la mdomo ili achukue damu. Karibu na hapo kulikuwa na loji ya watalii yenye jalala. Madume wakorofi wa kundi moja wakawa wanakwenda jalalani kila asubuhi kupigana na nyani wa pale. Miaka ya 1980 nyama yenye kifua kikuu ikatupwa, wale waliokuwa wanaila wakafa. Kundi likabaki na madume wapole na majike. Sasa sikilizeni: nyani dume akikua anahama kwao, kwa hiyo baada ya miaka madume yote pale yalikuwa wageni waliotoka makundi mengine yenye ubabe wa kawaida, na bado kundi likaendelea kuwa la upole, wageni wakafuata mwenendo walioukuta. Aliichapisha 2004. Kwa hiyo mnaposema "nyani ndivyo alivyo", nyani gani, wa wapi, aliyelelewa na nani?

Sijibu swali la sadaka. Nenda kamrushie ndizi mtoto wa jirani.

Huu utafiti si ni mambo ya wazungu tu?

Fedha nyingi zinatoka huko, hilo halina ubishi, na majina kwenye pepa ndo hayohayo. Lakini tarehe 19 Mei 1975 usiku, waasi wa Laurent Kabila, huyohuyo aliyekuja kuwa rais wa Kongo mwaka 1997, walivuka Ziwa Tanganyika kwa boti wakateka wanafunzi wanne wa kigeni pale Gombe. Baadaye waliachiwa. Wageni wakaondolewa, na waliobaki wakiwafuata sokwe kila siku na kujaza karatasi ni Watanzania wa vijiji vya jirani. Kama wangeacha, rekodi ingekatika hapo.

Na kuna Mkenya, Hussein Isack, PhD yake alifanya Oxford kuhusu mlembe, yule ndege anayeongoza watu kwenye asali, wengine mnamwita kiongozi. Warina asali wa Kiborana kaskazini mwa Kenya walikuwa wanasema ndege huyu anaonyesha njia, wasomi wakawa wanaona ni hadithi za wazee. Isack hakubishana nao, alikwenda akapima. Pepa yake na Heinz-Ulrich Reyer ya 1989 inaonyesha bila ndege kutafuta mzinga kulichukua wastani wa saa 8.9, ukiongozwa na ndege ni saa 3.2. Na wazee walikuwa wanasema ndege anaonyesha upande na umbali kwa namna anavyoruka na kukaa, ilipopimwa ikakutwa ni kweli.

Kisha ikaja kazi nyingine mwaka 2023 kuhusu ndege huyohuyo, ya watafiti Claire Spottiswoode na Brian Wood. Wayao wa Niassa, Msumbiji, wanamwita kwa mlio kama "brrr-hm". Wahadzabe wa kwetu wanampigia mluzi. Wakacheza sauti zote mbili kwa spika kila sehemu, ndege wa Uhadzabeni wakaitikia zaidi mluzi wa kwao, wa Niassa wakaitikia zaidi ule wa Wayao. Ndege wa porini huyo, hajafugwa na mtu. Hapo sasa nambie hiyo ni tabia ya ndege au ya watu?

Je, kama nataka kusomea tabia za watu?

Ni ngumu zaidi maana mtu anaweza kukataa, na ana haki. Unahitaji kibali cha maadili, unahitaji ridhaa yake, na akisema sitaki unasema asante unaondoka.

Ila kunapendeza. Lile jaribio la kumwekea mtoto pipi mezani na kumwambia ukisubiri nakupa mbili, wengi mmelisikia. Bettina Lamm na wenzake walilifanya kwa watoto wa miaka minne wa Kinso wa Kameruni na watoto wa Ujerumani, na kule Kameruni hawakuweka pipi za kizungu, waliweka puff-puff, yaani binamu wa kalimati zetu. Wanso karibu 70% walisubiri, Wajerumani chini ya 30%. Matokeo yalitoka 2017. Kwa miaka mingi vitabu vilikuwa vinaeleza "mtoto" anavyosubiri, kumbe ni mtoto wa mtaa fulani.

Nyingine ya 2017 ni ya Wahadzabe watu wazima 33, walivalishwa vifaa kama saa mkononi vya kupima usingizi kwa siku 20. Katika zaidi ya saa 220 zilizopimwa, dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Usiku daima kuna mtu macho. Bibi yangu anayezunguka nyumba saa tisa usiku nilimwambia sasa una ushahidi wa kisayansi.

Tembo wanaogopa nyuki, ni kweli au ya mtandaoni?

Kweli. Lucy King alikuwa mwanafunzi wa Oxford, akaenda Samburu na Buffalo Springs Kenya na spika iliyofichwa, akacheza sauti ya nyuki waliochokozwa. Kwenye pepa ya 2007 familia 16 kati ya 17 za tembo ziliondoka chini ya mti ndani ya sekunde 80. Kutokana na hapo ukaja uzio wa mizinga, mizinga inaning'inizwa kwenye waya kuzunguka shamba, tembo akigusa waya mizinga inatikisika. Hata Tanzania umeanza kutumika. Sio dawa ya asilimia mia, mizinga ikikosa nyuki nguvu yake inapungua.

Vibali vinachukua muda gani?

Anza jana. Utafiti Tanzania unapitia COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), wa wanyamapori kuna TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), ukiingia hifadhi ya taifa kuna TANAPA (shirika la hifadhi za taifa). Kuna ofisi moja, siitaji, barua yangu ilikaa wiki sita, nilipokwenda mwenyewe nikaikuta imewekewa kikombe cha chai juu. Duara la chai liko kwenye nakala yangu hadi leo.

Nivae nini fildi?

Usivae bluu iliyokolea wala nyeusi. Mbung'o wanaipenda, ndo maana mitego yao inashonwa kwa vitambaa hivyo. Mi nilikwenda na jinzi siku ya kwanza.

Walishawahi kukudhuru?

Mwilini hapana. Ila dume moja nililolipa namba M3 (Goodall aliwapa sokwe wake majina na Cambridge wakamlalamikia, mi nikaogopa nikatumia namba, kimoyomoyo nilikuwa namwita Shemeji) lilichukua mkoba wangu nikiwa nimegeuka. Likapanda nao mti wa mpingo. Likatoa kitumbua likala, likatoa kalamu likaitafuna, halafu likafungua daftari. Ukurasa mmoja mmoja, linaung'oa, linaunusa, linaudondosha. Data ya siku nne. Mzee askari akasema, "Usipige kelele, andika." Nikaandika kwenye mkono wangu.

Kila kitu sasa mnasema kina tabia, hata maji?

Hata maji, na ni Mtanzania. Erasto Mpemba mwaka 1963 akiwa sekondari ya Magamba aliweka mchanganyiko wa ice cream wa moto kwenye friza ukaganda kabla ya wa wenzake uliopoa. Walimu wakamcheka. Baadaye akamuuliza Denis Osborne, mwalimu wa chuo kikuu Dar, na yeye badala ya kucheka akaenda kujaribu. Pepa yao ilitoka 1969 na wanafizikia bado wanabishana. Ninachokipenda mimi ni kwamba wakati inatoka Mpemba alikuwa Chuo cha Wanyamapori Mweka. Mwenzetu kabisa.

Na ajira je?

Zipo chache, zinagombaniwa. Hifadhi, taasisi za utafiti, miradi ya migogoro ya watu na wanyama, kufundisha. Mi kwa sasa nafanya kazi ya mkataba na nina genge la mayai pembeni.

Mwisho ulipata nini kwenye utafiti wako?

Wa barabarani walikuwa wanapumzika zaidi na kutembea kidogo kuliko wa ndani, kitu ambacho kila dereva wa lori angekwambia bure. Kilichonishangaza ni kile cha dirisha. Hawakuwa wanatoka kwa kila gari. Malori waliyaacha yapite. Basi likipunguza mwendo wanainua kichwa, mkono ukigusa kioo wanasimama. Kwa hiyo nusu ya data niliyotakiwa kuikusanya ilikuwa ndani ya mabasi, na mi nilikuwa nimekaa majanini nimeyapa mgongo. Ikabidi mwezi wa mwisho nipande basi, Morogoro mpaka Mikumi mjini na kurudi, kuhesabu abiria wanaofungua dirisha, makonda wakanizoea wakawa wananiita dada wa sensa.

Bado unawafuatilia?

Sina kibali tena. Ila mwezi uliopita nimepita kwenda msibani Iringa. Mbele yangu mtoto kasimama kwenye siti ana kipande cha andazi, basi linapunguza mwendo, kioo kiko nusu wazi. Nje nikaona kichwa kimeinuka kwenye majani, sikuweza kumjua ni nani. Nilitaka kusema kitu kwa mama wa mtoto nikajikuta nimeshika simu nimewasha stopwochi. Mkono wa mtoto ukafika kwenye kioo. Sekunde nne, tano. Nje akasimama. Sekunde saba mtoto akalitia andazi lote mdomoni.

Nje akakaa tena.